Mgeni anayeaga bila kuondoka

Wiki hii nimepokea maswali mengi ya wageni. Yale ya "nimfukuzeje?" bila kusema mgeni ni nani wala kaja kwa lipi nimeyaweka kando, kama siku zote.

Shemeji alikuja Dar kwa siku tatu kufanya usaili. Huu ni mwezi wa tano bado yupo. Mume wangu anasema ndugu hafukuzwi. (Mama wa watoto wawili, Tabata)

Ndugu hafukuzwi, lakini huulizwa. Siku ya kwanza, chai ikiwa mezani, mumeo alipaswa kumuuliza mdogo wake: "Una siku ngapi nasi?" Hakuuliza kwa sababu mzigo si wake. Nani anaongeza unga kwenye sufuria? Nani anafua mashuka? Nimeliandika hili mara nyingi na nitaliandika tena: wanaume hukaribisha kwa mdomo, wanawake hukaribisha kwa mikono.

Usimkabili shemeji wewe, ukweni watakuita mchoyo mpaka uzeeke. Kaa na mumeo mpange tarehe, aitamke yeye, nawe ukiwepo. Kabla ya hapo shemeji achote maji, apeleke watoto shule, aoshe sahani yake. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Na hukuniuliza, ila nakuonya: kama una binti wa kazi, usimwache peke yake kutwa nzima na mwanamume asiye na shughuli.

Ni kweli ukisimamisha ufagio nyuma ya mlango mgeni huondoka?

Hapana. Ongea naye.

Jirani yangu huaga saa mbili usiku, akaondoka saa tano. Husimama mlangoni kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mbu wanaingia. (Tanga)

Akisema "haya, mie naenda", wewe humjibu nini? Nina hakika ni "mbona mapema?" Neno hilo liache. Akiaga, inuka, jitande kanga, shika tochi, tangulia kutoka, umsindikize mpaka kona. Kusindikiza ni heshima, na anayesindikizwa hutembea. Usimfikishe kwake, maana naye atataka kukurudisha.

Kwa Waislamu, Surat Al-Ahzab, aya ya 53, iliwaambia waalikwa wa Mtume kwamba wakishakula watawanyike, wasikae kwa mazungumzo, kwani yalimuudhi naye akiona haya kuwaambia. Mtume aliona haya, seuze wewe.

Mama mkwe yupo kwetu kwa mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, wiki ya sita sasa. Nimechoka.

Pole, nakuamini. Lakini huyo ni mgonjwa, usimweke kwenye fungu la wageni. Mionzi hutolewa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na hakujipangia yeye. Siku zake usizihesabu. Wahesabu wanawe: walioko mikoani watume pesa ya chakula na nauli, na mmoja aje akupokee zamu. Uchovu wako waambie wao, yeye asiusikie hata kwa kishindo cha sufuria.

Mgeni achangie umeme wa LUKU?

Wa siku tatu, hapana. Wa mwezi wa pili, ndiyo, na asingoje kuambiwa.

Mimi ndiye mgeni, nipo kwa dada yangu. Nitajuaje kama nimewachosha?

Mtazame mtoto ambaye unalalia kitanda chake. Kama kila usiku anasinzia kwenye kochi, akisubiri mmalize kuangalia taarifa ya habari ndipo atandikiwe godoro sebuleni, kesho asubuhi kakate tiketi.