Jibu: Kuna lugha ya Papua yenye wingi kama wetu wa mtu/watu?

Ndugu, umeuliza kama Wapapua nao wana wingi wa aina ya mtu/watu. Chukua Kimarind, cha upande wa Merauke, kusini mwa Papua ya Indonesia. Irabu ni tano kama zetu, na mb na nd za huko hazitakupa shida. Ila wingi haukai mbele wala nyuma ya neno, unageuza irabu ya ndani. Mwanamume ni anem, mwanamke anum, watu anim. Ndiyo maana wenyewe wanaitwa Marind-anim.

Utamu uko kwenye sifa. "Mwepesi" kwa mwanamume ni akek, kwa mwanamke akuk, kwa watu akik, na kijiti chepesi ni akak. Huo ni upatanisho wa ngeli kabisa, umejificha tumboni mwa neno tu! Wanyama wamo ngeli moja na wanawake (usiniulize kwa nini).

Lakini nomino nyingi hazigeuki hata kidogo, wingi unauona kwenye maneno ya jirani. Ni kama sisi tunavyosema samaki huyu, samaki hawa.