Yatima Anayetafuta Jamaa Zake: Hesabu za Kufanya Kabla ya Sura ya Kwanza

Miswada mingi ya riwaya za watoto kuhusu yatima anayetafuta jamaa huvunjika mahali pamoja. Msomaji wa miaka kumi anauliza ami zake walikuwa wapi, na kitabu hakina jibu. Hapa Mombasa swali hilo haliepukiki. Baba akifa kuna ami na shangazi. Mama akifa kuna mjomba, halati (dada wa mama) na nyanya, na hata jirani wa ukuta mmoja hulea mtoto bila kuandikiana. Kwa hivyo, kabla hujaandika mazishi, andika ukurasa mmoja wa kwako peke yako unaoeleza kwa nini hakuna aliyemchukua. Sababu zinazoshika ni zile zilizoanza kabla mtoto hajazaliwa: ndoa iliyokataliwa, ugomvi wa nyumba ya urithi, baba aliyejulikana Kilindini kwa lakabu tu. "Wote walikufa ajalini" ni jibu la mvivu, na zaidi ya hapo humbakishii mtoto mtu wa kumtafuta.

Kisha panga umri. Aliyetengana na wazazi akiwa na miaka 2 hakumbuki kitu. Wa miaka 8 anajua majina yake matatu na mtaa, na fumbo litakwisha sura ya pili. Miaka 4 au 5 ndiyo inayofaa: anakumbuka adhana iliyosikika karibu mno, ngazi za mbao, harufu ya viazi karai, lakini njia haijui. Wakati wa msako awe na 11 au 12, maana wasomaji wa miaka 9 hadi 12 hupenda kumfuata aliyewazidi kidogo. Chora jedwali la miaka na ulibandike mbele yako. Mama akiwa alikuja kutoka Nairobi mwaka 2014, hawezi kushuka stesheni ya Miritini, kwa sababu abiria wa treni ya SGR walianza 2017. Mshushe kwenye basi Mwembe Tayari.

Dalili inayopendwa na wengi ni leso ya mama. Ni nzuri, ila leso zenye jina lile lile, yaani msemo ulioandikwa juu yake, huchapwa kwa wingi, kwa hivyo maneno peke yake hayamtambulishi mtu. Tumia doti nzima. Leso huuzwa mbili zikiwa zimeungana, hukatwa, kisha hupindwa. Mama aliondoka na moja, dada yake akabaki na ya pili. Kinachozifunga ni mkono wa aliyepinda: uzi usiolingana na rangi, au kona zote mbili zilizoungua kwa chetezo siku moja. Msomaji aione kona hiyo sura ya 2, katikati ya pilikapilika nyingine, na isitajwe tena mpaka sura ya 9. Ukiigusa mara tatu umeshampa jibu. Dalili nne zinatosha kitabu cha maneno 20,000, na moja ipotoshe. Ila ipotoshe kwa sababu mtoto aliielewa vibaya, si kwa sababu wewe ulimdanganya msomaji.

Ofisini ndipo waandishi wengi huteleza. Mtoto haingii peke yake kwa msajili akafunguliwa daftari la vizazi. Mpe mtu mzima, labda mwalimu, chifu au imamu, lakini kazi yake iishie kufungua mlango; wa kusoma jina la mama kwenye cheti na kugundua halifanani na lile la kwenye barua aliyoachiwa awe mtoto mwenyewe. Ukitaka kumweka kwa mlezi Mwislamu, Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua kafala, ambapo mtoto hulelewa na kubaki na jina la baba yake. Hilo litakufaa sana: jina linalomtambulisha halipotei.

Kutembea ni rahisi. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi feri, basi usipoteze ukurasa kumtafutia nauli.

Mazungumzo yataka mkono mwepesi. Mtoto anayemwendea bibi kizee Kibokoni na kuuliza moja kwa moja "Unamjua mama yangu?" bila shikamoo, msomaji wa Pwani hatamwamini. Na kabla hajajibiwa lolote ataulizwa yeye: "Mtoto wa nani wewe?" Swali hilo lirudi mara kadhaa, kila mara akijibu tofauti: kwanza kwa kunyamaza, halafu kwa jina la mlezi, halafu kwa uongo.

Halati akipatikana, usikimbilie kukumbatiana na kufunga kitabu. Ana watoto watano na vyumba viwili. Andika sura nzima ya usiku wa kwanza: analala mkeka gani, nani amesogezwa, nani amenuna. Mswada ukiisha, wasomee kwa sauti watoto wa darasa la nne, na weka alama kila wanapokukatiza kwa "mbona hakuuliza?" Palipokatizwa na zaidi ya mmoja, paandike upya.