Baba ana saratani ya mapafu: jeni alizorithi zina uzito gani kwenye matibabu?

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama "kipimo cha jeni" alichoandikiwa baba kina maana saratani yake ni ya kurithi, na kama kitaonyesha ataishi muda gani. Nilimuuguza baba mdogo kwa ugonjwa huohuo, nakujibu kwa tuliyopitia.

Kipimo cha kwanza huwa cha uvimbe wenyewe. Wanatafuta badiliko kwenye jeni kama EGFR, lililozuka humohumo mapafuni ukubwani. Hilo kwa kawaida si la kurithi, na likipatikana ni heri, maana vipo vidonge vinavyolilenga. Jeni alizozaliwa nazo mtu ni habari nyingine, na ndizo zilizotutesa sisi.

Baba mdogo alikuwa na saratani ya mapafu ya aina iitwayo ya seli ndogo. Dripu za mwanzo, sisplatini na etoposaidi, alizimudu. Ugonjwa uliporudi akabadilishiwa irinotekani. Siku ya sita akaanza kuharisha. Usiku mmoja nilibadilisha shuka mara nne. Damu ilipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka vibaya. Tulilala wodini siku kumi na moja.

Aliyetufumbua macho ni daktari mwingine, aliyeuliza: "Huyu mzee macho huwa yanageuka njano?" Shangazi akadakia palepale: kila Ramadhani, akishafunga siku tatu nne, yanageuka njano, kisha yanarudi yenyewe. Na marehemu babu alikuwa hivyohivyo.

Ini hutumia kimeng'enya (protini inayochakata vitu mwilini) kiitwacho UGT1A1 kuondoa ile rangi ya njano, na hichohicho ndicho kinachopunguza makali ya irinotekani. Aliyerithi toleo dhaifu, lile linaloandikwa *28, kwa baba na kwa mama, anakuwa nacho kidogo, na sumu ya dawa inamkalia mwilini. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeweka kwenye maelezo ya dawa hiyo kwamba kwa mtu kama huyo ifikiriwe kuanza na dozi ndogo. Na sisi Waafrika tunalo toleo hilo kwa wingi kuliko Wachina na Wajapani, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni jambo la nadra. Baba mdogo alipopunguziwa dozi, duru iliyofuata aliimaliza akiwa nyumbani, anakunywa uji wake.

Ama muda wa kuishi, nakuomba usiuegemeze kwenye jeni za kurithi. Zimechunguzwa nyingi, mfano ERCC1 inayosaidia kukarabati DNA iliyoharibiwa na sisplatini, lakini majibu ya tafiti yanapingana. Kinachopima zaidi bado ni hatua ugonjwa ulipofikia na nguvu alizobaki nazo mgonjwa.

Kabla ya dripu ya kwanza waulize wazee wenu kuhusu macho ya njano, na mwambie daktari hata kama hakuuliza. Majina ya dawa alizoandikiwa baba yaandike hapa tuyaangalie pamoja.