Ufunguo upo kwenye regedit, lakini Python inasema haupo

Mkuu, umesema programu yako ya Python inasoma mipangilio ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) vizuri kwenye laptop yako, ila kwa mteja inatoa FileNotFoundError, WinError 2, yaani ufunguo haupo, na ukifungua regedit, programu ya kuangalia rejista, ufunguo unauona kabisa. Usifute Windows. Mimi hilo lilinitoa jasho soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, mbele ya watu.

Nilikuwa nimemtengenezea mama mmoja wa dagaa programu ya kusoma uzito kutoka kwenye mizani na kutoa risiti. Namba ya poti ya mizani niliiweka HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE (kwa kifupi HKLM, sehemu ya rejista ya kompyuta nzima), kwa programu ndogo ya pembeni niliyoiandikia nyumbani. Asubuhi nafika, magunia yamepangwa mpaka mlangoni, nawasha: WinError 2. Nafungua regedit, ufunguo huu hapa, COM3 imeandikwa. Nikaandika upya, nikazima, nikawasha. Bado. Mama akaniangalia akasema, "Mwanangu, dagaa wangu walikaukia Ukerewe. Mimi naona nitakaukia hapa."

Kumbe faili la DLL (msimbo wa kuongea na mizani) lililokuja na mizani lilikuwa la biti 32, na Python ya biti 64 haiwezi kulipakia, kwa hiyo programu ya mizani niliijenga kwa Python ya biti 32. Ile ya kuandika mipangilio ilikuwa ya biti 64. Kwenye Windows ya biti 64, programu ya biti 32 ikiomba HKLM\SOFTWARE inapelekwa kimyakimya HKLM\SOFTWARE\WOW6432Node. Haiambiwi kitu. Moja inaandika chumba hiki, nyingine inatafuta chumba cha pili, na regedit inakuonyesha vyote viwili ila wewe unaangalia kimoja tu.

Dawa ni kutaja chumba mwenyewe kwa winreg, moduli ya rejista ya Python, kwenye kusoma na kwenye kuandika (njia ni anwani ya ufunguo wako):

winreg.OpenKey(winreg.HKEY_LOCAL_MACHINE, njia, 0, winreg.KEY_READ | winreg.KEY_WOW64_64KEY)

Kwenye kuandika tumia CreateKeyEx na KEY_WRITE badala ya KEY_READ, hiyo bendera ya 64KEY iache palepale. Ukisahau KEY_WRITE, OpenKey inafungua kwa kusoma tu na SetValueEx itakutolea PermissionError hata kama wewe ni admini. Wengi hapo wanadhani tatizo ni antivairasi.

QueryValueEx nayo inarudisha vitu viwili, thamani na aina yake. Ukihifadhi namba kama 9600 kwa aina ya REG_SZ, utapata maandishi, siyo namba. Dogo hilo.

Kuna jamaa huko juu amekushauri uhamie HKEY_CURRENT_USER (HKCU) ili ukwepe kuhitaji ruhusa ya admini. Ni kweli HKCU\Software haigawanywi hivyo, lakini ina mtego wake: ni ya mtumiaji aliyeingia. Kijana wa dukani akiwa kwenye akaunti yake, nawe ukaendesha programu ya kusakinisha kwa nywila ya admini, mipangilio inaingia kwenye HKCU ya admini. Kijana haoni kitu. Mashine inayotumiwa na watu watatu kwa zamu, hapo utahangaika.

Kwa maoni yangu, namba ya poti haina haja ya kukaa kwenye rejista. Siku hizi naiweka kwenye faili la ini ndani ya ProgramData. Ikibadilika namwelekeza mtu kwa simu, anafungua Notepad, yamekwisha. Rejista naigusa pale Windows yenyewe inapotaka, mfano programu ijiwashe kompyuta ikiwaka, na hata hapo natanguliza amri ya reg export, nakala ya rejista ikae kwenye flashi. Bila nakala, mimi sigusi HKLM ya mtu.

Kabla hujabadilisha chochote, endesha hii kwa Python ileile inayotumika kwa mteja, siyo ya kwako:

import struct; print(struct.calcsize("P") * 8)

Ikijibu 32, fungua WOW6432Node uangalie kilichomo, kisha utuwekee hapa.