Re: Pama mbili za mitumba, ipi itastahimili mvua za Tabora?

Habari ndugu. Umeuliza uchukue pama ipi, yaani kofia ya felti (manyoya yaliyoshindiliwa) yenye ukingo: moja imegongwa alama ya ubora 4X, nyingine 10X, ya kiwanda kingine, na bei ni mara mbili.

Hizo X ziache kwanza. Hakuna kipimo cha pamoja, kila kiwanda kina hesabu yake. Angalia mkanda wa ngozi wa ndani, mara nyingi umeandikwa manyoya gani. Biva, mnyama wa majini wa nchi za baridi, ndiyo bora: manyoya yake ya chini hushikana sana, kwa hiyo felti huwa imara hata ikiwa nyembamba, na maji huchelewa kupenya. Sungura ni laini na nafuu, ila hulegea mapema. Nyingi ni mchanganyiko.

Maandishi yakifutika, papasa chini ya ukingo. Sufu ya kondoo hukwaruza kidogo. Ukunje taratibu, uachie: felti nzuri hurudi yenyewe. Ukiwa mkavu kama kadibodi, huo ni ugumu wa dawa ya kukazia, usiulipie.

Mimi nimevaa ya sungura masika mengi hapa Tabora na bado naipenda. Ikilowa nageuza mkanda wa ndani nje, naikausha kivulini. Jua na jiko la mkaa huisinyaza.