Maswali ya wasomaji: Bosi mpya kanipa 4 kati ya 9

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni rizidenti, yani daktari ninayesomea ubingwa, mwaka wa pili, magonjwa ya ndani, niko hapa Dodoma. Tuna zile fomu za kupimwa tukiwa kazini, bosi anatakiwa akuone ukiwa na mgonjwa ndo ajaze, ila ukweli tunazikusanya mpaka mwisho wa rotesheni, ile zamu ya wodi moja, tunamvizia kwenye korido anasaini nane kwa mpigo, zote "vizuri sana". Sasa juzi kaja bingwa mpya, kavuta kiti kakaa kaniangalia mwanzo mwisho, af kanipa 4 kati ya 9. Nimeumia kweli. Wenzangu wanasema nimkwepe, zilizobaki nizimalizie kwa wale wapole. Nifanyeje?
Rizidenti niliyechoka

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na raundi.

Kwanza hiyo 4 umeisoma vibaya. Hiyo fomu ya kumwangalia daktari na mgonjwa mmoja, wenyewe wanaiita mini-CEX, ilianzia Marekani kwenye bodi yao ya magonjwa ya ndani miaka ya 1990, na kwenye skeli yake ya mwanzo 1 mpaka 3 ndo hairidhishi, 4 mpaka 6 inaridhisha, 7 kwenda juu ndo umezidi. Kwahiyo hukufeli, na mwaka wa pili ukipewa 9 kila fomu ujue hamna aliyekuangalia.

Waingereza walipoziingiza kwa madaktari wao wachanga mwaka 2005 yaliwakuta hayohayo, fomu ikageuka kibali cha kuvuka mwaka, watu wakawa wanawinda saini. Mwaka 2012 kwa hao wachanga wakabadilisha, wakaziondoa alama, kikabaki cha kuangaliwa na kuambiwa. Yani alama ndo kitu kidogo kuliko vyote humo ndani.

Nikwambie yaliyonikuta. Nikiwa rizidenti nilikuwa najiona mkali wa kupima tumbo. Siku moja, mwezi wa saba, ule upepo wa Dodoma unapita mpaka wodini, bosi kasimama pembeni kimya, mi nampapasa mama mmoja wa Kigogo, nimekazia macho tumbo kama natafuta sarafu mchangani. Nilipomaliza bosi akaniuliza, mama aliuma meno mara ngapi? Sikuwa na jibu. Akasema mikono yako ya baridi, hukuisugua, na usoni hukumwangalia hata mara moja, maumivu yanaonekana pale, sio tumboni. Halafu lile swali la "umeelewa dawa?", mama kasema "ee" na we ukaondoka, ungemwambia akurudishie mwenyewe atameza lini na ngapi. Dakika tano tu hizo, mpaka leo kabla sijagusa tumbo nasugua mikono. Ningekuwa nimesainiwa kwenye korido nisingejua, coz mtihani wa maandishi haukuulizi ulikuwa unaangalia wapi.

Mmarekani mmoja, Miller, mwaka 1990 aliyapanga haya kama piramidi: chini unajua, juu yake unajua namna ya kufanya, halafu unaonyesha, na kileleni unafanya kweli kazini. Karatasi ya mtihani inaishia kule chini, hiyo fomu ndo imewekwa kwa ajili ya kileleni.

Ila siwatetei mabosi wote. Kliniki ina foleni mpaka nje, bingwa mmoja ana wodi mbili, atakaa saa ngapi? Ndo maana usimwombe mwisho wa rotesheni, mwombe asubuhi kabla ya raundi: "Dokta, leo naomba uniangalie mgonjwa mmoja tu, namuelezea sukari." Dakika 15 mpaka 20 za kuangalia na kama tano za kuongea, hapohapo, sio kesho akiwa ameshasahau. Chagua kile kinachokusumbua, usichague unachokijua. Na usibaki kwa huyo mmoja, kweli kuna mabosi wana mkono wa birika, na mgonjwa mmoja hawezi kusema we ni daktari wa aina gani, ukiangaliwa na watu tofauti kwa wagonjwa tofauti ndo picha inakaa sawa.

Huyo mpya usimkwepe. Kesho mfate muulize ile 4 ilitokana na nini hasa, akikutajia kitu kimoja kifanyie kazi wiki mbili, kisha umrudie na mgonjwa mwingine wa tatizo lilelile. Fomu iwe mfukoni tayari, na peni uijaribu kabla, hawa mabosi peni hawanaga.