Kituo kikinyamaza, usikimbilie betri mpya

Ninyi mnaoanza kutunza vituo vya hali ya hewa na vipima kina cha mito, nawaomba jambo moja: kituo kikiacha kutuma data, msipande gari na betri mpya mkidhani kazi imekwisha. Mara nyingi betri imeponzwa na kitu kingine, na hiyo mpya nayo itakufa vilevile.

Anzeni ofisini. Vituo vingi hutuma volti ya betri pamoja na mvua na joto, ila safu hiyo watu huiruka. Fungua ya wiki mbili kabla ya kituo kunyamaza. Betri nzima ya asidi ya volti 12 hupanda mchana hadi karibu 14, usiku ikatulia juu ya 12.5. Ikifika 14 upesi asubuhi halafu ikawa chini ya 12 kabla ya alfajiri, imechoka: inajaa haraka kwa kuwa haina tena pa kuweka chaji. Isipopanda kabisa mchana, betri usiilaumu kwanza. Tafuta kwenye paneli ya jua, waya, fyuzi au kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri. Ikishuka kidogo kidogo tangu Machi, fikiria mawingu ya masika, au tawi lililokua.

Tawi msilidharau. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, hivyo kivuli kwenye seli moja tu huweza kuangusha umeme wa paneli nzima. Kinyesi cha ndege hufanya hivyohivyo. Na kwa kuwa Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, paneli ielekee kaskazini, iiname nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe vumbi. Ikilazwa bapa, matope hukauka pembeni.

Mkifika, pimeni kabla ya kugusa chochote. Paneli ya seli 36 iliyochomolewa, jua likiwa kali, itoe kama volti 20. Lakini volti peke yake hudanganya: kishikio cha fyuzi kilichoota kutu ya kijani huonyesha volti kamili, na mkondo haupiti. Pimeni ampea pia. Paneli ya wati 10 itoe zaidi kidogo ya nusu ampea. Betri nayo ipimwe modemu ikiwa inatuma. Inayosoma 12.6 ikiwa imepumzika huweza kuporomoka ghafla modemu inapovuta umeme, kirekodi data kikazima na kuwaka upya. Mapengo ya data yanayojirudia saa za kutuma yanatokana na hilo mara nyingi.

Wakati wa kufungua, chomoa paneli kwanza, kisha betri. Kurudisha, anza na betri, maana kontrola nyingi husoma volti ya mfumo kutoka kwake.

Kabla ya kufunga sanduku, andika ndani ya mfuniko tarehe, volti betri ikiwa na mzigo, na ampea za paneli, ili atakayefuata awe na cha kulinganisha. Kisha subiri hapohapo mpaka uone volti inapanda.